Je, Wajua Kwa Nini Timu Hupiga Pasi Elfu Moja na Isipate Bao?

Tarehe 6 Desemba 2022, huko Qatar, Hispania ilicheza na Morocco kwa dakika 120 katika hatua ya 16 bora ya Kombe la Dunia. Ilipiga pasi zaidi ya 1,000. Shuti lililolenga lango lilikuwa moja tu. Mchezo ukaisha 0-0, wakaenda kwenye matuta, na huko Hispania ikakosa mikwaju yake yote mitatu. Morocco ikapita kwa 3-0. Miaka minne kabla ya hapo, jijini Moscow, Hispania hiyohiyo ilivuka pasi 1,000 dhidi ya wenyeji Urusi, ikaambulia sare ya 1-1 na kutolewa kwa matuta vilevile.

Katika mechi za namna hii lawama zote humwangukia straika. Mara nyingi anaonewa. Shambulizi huwa limeshaharibika mita 30 nyuma yake, kabla mpira haujamfikia.

Tuangalie vipimo. Uwanja wa mechi za kimataifa kwa kawaida una upana wa mita 68, na boksi la penalti lina upana wa mita 40 na kidogo. Timu inayopaki basi, yaani inayorudi nyuma karibu yote kulinda lango, hairundikani ovyo. Hujipanga kwa mistari miwili, wa mabeki na wa viungo, na mistari yote hujibana ndani ya upana wa boksi hilo. Mabeki watano wakigawana mita 40, kila mmoja analinda mita nane hivi, yaani hatua chache kulia na chache kushoto. Zile mita 14 zinazobaki kila pembeni wanakuachia kwa makusudi. Gongeaneni huko mpaka mchoke, goli haliko huko.

Basi mpira unapelekwa kulia, ukuta unasogea. Unarudishwa kwa beki wa kati, unapelekwa kushoto, ukuta unasogea tena. Mpira una kasi kuliko binadamu yeyote, ila mchezaji akiugusa mara tatu au nne kabla ya kuutoa, faida ya kasi hiyo imekwisha. Asilimia za umiliki zinapanda, lakini hakuna mlinzi aliyelazimika kuamua jambo lolote gumu.

Na kuamua ndiko kunakovunja ukuta. Pasi ina thamani pale inapomweka mlinzi njia panda: akitoka kumfuata mwenye mpira anaacha uwazi nyuma yake, akibaki anamwachia mpinzani ageuke na kulitazama goli. Ndiyo maana makocha wanamthamini sana kiungo anayejua kusimama kati ya ile mistari miwili, usawa wa upenyo ulio baina ya beki wa kati na beki wa pembeni. Akiwa pale, mabeki wanatazamana: huyu ni wako au wangu? Winga mwenye chenga naye anafanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine. Akimpita mmoja, lazima wa pili aache nafasi yake kwenda kuziba, na wa tatu aje kumzibia wa pili.

Wakati mwingine anayefungua njia hata hagusi mpira. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa zamani kidogo, fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Ulaya ya mwaka 1967 mjini Lisbon. Inter Milan ya kocha Helenio Herrera ilipata penalti mapema, Sandro Mazzola akafunga dakika ya 7, kisha ikarudi nyuma kulinda, kazi waliyoijua vizuri sana baada ya kutwaa ubingwa huo mwaka 1964 na 1965. Walikuwa wakikaba mtu kwa mtu. Washambuliaji wa wapinzani wao, Celtic ya Uskoti, wakawa wanahamahama na kuwaburuta walinzi wao, na kwenye uwazi ulioachwa wakawa wanapanda mabeki wa pembeni, watu ambao hakuna aliyepewa jukumu la kuwakaba. Dakika ya 63 beki wa kulia, Jim Craig, alimtengea mpira beki wa kushoto, Tommy Gemmell, naye akasawazisha kwa kombora kutoka nje ya boksi. Zikiwa zimebaki dakika chache, Stevie Chalmers akafunga la pili na ubingwa ukaenda Celtic.

Krosi za juu ndizo zinazonisikitisha. Zikipigwa kutoka mbali, mabeki wanautazama mpira ukija, wamesimama imara, na wao ndio wengi ndani ya boksi. Ni kuwarahisishia kazi. Afadhali mpira ufikishwe karibu na mstari wa goli kisha urudishwe nyuma chinichini. Hapo mabeki wanakimbia kuelekea lango lao wenyewe, hawawezi kuuona mpira na mtu kwa wakati mmoja, na anayekuja kutoka nyuma ya mpira hawezi kuwa ameotea. Fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya 2023 iliamuliwa hivyo. Manchester City ilihangaika mbele ya Inter mpaka dakika ya 68, ndipo beki wa kati Manuel Akanji alipopanda na mpira na kumpenyezea Bernardo Silva ndani ya boksi. Bernardo akaurudisha nyuma, ukambabatiza beki, ukamfikia Rodri. Bao pekee la mchezo, la kiungo mkabaji, na lilianzia kwa beki.

Hofu nayo ina sehemu yake. Timu iliyowahi kufungwa kwa shambulizi la kushtukiza huacha watu wanne au watano nyuma kumlinda mshambuliaji mmoja wa wapinzani, halafu wanaobaki mbele hawatoshi kumweka yeyote njia panda.

Dakika ya 70 ikifika na ubao bado unasoma 0-0, jukwaa hupiga kelele straika wa pili aingie, mara nyingine hata wa tatu. Kocha anakubali, anamtoa kiungo. Kila straika anayeingia anakuja na beki wake, boksi linajaa zaidi, na yule aliyekuwa akipenyeza mpira ameshakaa benchi. Kinachofuata ni krosi za juu hadi filimbi ya mwisho.