Je, umeme ndio unaosukuma ujumbe nje ya seli ya neva?

Maelezo ya haraka husema hivi: umeme unafika kwenye ncha ya neva, unasukuma kemikali nje, na kemikali hiyo inaiamsha seli ya pili. Kosa limo katika neno "unasukuma". Umeme hufungua milango ya kalsiamu kwenye utando, basi.

Mwaka 1967 wanasayansi Bernard Katz na Ricardo Miledi walilipima jambo hili kwenye sinapsi kubwa ya ngisi, yaani mahali seli moja ya neva inapokutana na nyingine. Walipandisha volti ya ncha ya neva juu mno. Kama umeme ungekuwa ndio msukumaji, kemikali ingemwagika kwa wingi. Haikutoka. Kwa volti hiyo milango iko wazi, lakini ndani ya seli pana chaji chanya nyingi kiasi kwamba ayoni za kalsiamu (chembe zenye chaji), ambazo nazo ni chanya, haziingii. Volti iliposhushwa, kalsiamu iliingia kwa kishindo na kemikali ikatoka, umeme ukiwa umeshaondolewa!

Kalsiamu hiyo hunaswa na sinaptotagmini, protini iliyopenyeza mzizi mmoja kwenye utando wa kifuko kinachohifadhi kemikali ndani ya ncha ya neva, kifuko chenye kipenyo cha nanomita 40 hivi. Ina vichwa viwili: C2A hushika ayoni 3, C2B hushika 2.

Fikiria mtego wa panya. Panya hatoi nguvu ya kuufyatua waya. Nguvu iliwekwa na mtegaji, panya anagusa tu chambo. Hapa waya ni msokoto wa nyuzi nne za protini: moja ya sinaptobrevini kutoka kwenye kifuko, moja ya sintaksini na mbili za SNAP-25 kutoka kwenye utando wa seli. Kadiri zinavyosokotana ndivyo tando mbili zinavyovutwa zikaribiane. Msokoto huanza mapema, ukasimama kabla ya kukamilika. Ndiyo maana kalsiamu ikigusa sinaptotagmini, kifuko hufunguka kabla ya milisekunde 1 kuisha.

Jinsi hasa vichwa hivyo vinavyoufyatua mtego bado kunabishaniwa: wapo wanaosema vinaondoa breki, wapo wanaosema vinaupinda utando wenyewe. Yanayotokea mtego ukiharibika yako wazi zaidi. Sumu ya botulinum aina A huikata SNAP-25. Kalsiamu inaingia kama kawaida, lakini waya haupo, na msuli unalegea. Panya wa maabara waliozaliwa bila sinaptotagmini-1 wana hali tofauti kabisa: mmwago wa ghafla hupotea, ila kemikali huendelea kudondoka polepole, kwa kuchelewa.