Stimpanki: maana yake, na namna vazi lake linavyotokana na mitumba

Stimpanki ni mtindo wa hadithi, sanaa na mavazi unaojengwa juu ya swali moja: dunia ingekuwaje leo kama injini ya mvuke isingepokonywa nafasi yake na petroli na umeme, bali ingeendelea kukuzwa hadi ikarusha vyombo angani na kupiga hesabu? Sura yake imechukuliwa zaidi kutoka Uingereza ya Malkia Victoria, aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901, ingawa jina lenyewe ni la juzi tu, kwani lilibuniwa na mwandishi Mmarekani K. W. Jeter katika barua iliyochapishwa na jarida la Locus mwaka 1987. Nusu ya kwanza ya jina hilo tunayo tayari katika Kiswahili. Ni ile ile stima: watu wa pwani waliiita hivyo meli ya moshi, na nchini Kenya neno hilo ndilo jina la kila siku la umeme. Nusu ya pili, panki, iliingia kwa kuiga jina la aina nyingine ya hadithi za kubuni, lakini wapenzi wa mtindo huu wameipa maana nzito zaidi, yaani kujitengenezea kwa mikono yako mwenyewe.

Vazi la stimpanki, basi, ni vazi la mtu wa dunia hiyo isiyotokea. Si sawa na vazi la kihistoria, ambalo hupimwa kwa usahihi wa enzi, wala si sawa na vazi la kumwigiza mhusika wa filamu, ambalo hupimwa kwa kufanana na picha. Hapa mvaaji humbuni mtu wake, na kipimo ni kama kila alichokivaa kina kazi kwa mtu huyo.

Ndiyo maana mitumba si kimbilio la asiye na fedha, bali ni malighafi yenyewe. Ngozi iliyojikunja, kifungo cha shaba kilichofifia na mshono uliorudiwa ni alama za matumizi, na alama hizo haziuzwi pamoja na nguo mpya. Wauzaji wa Gikomba, jijini Nairobi, huita kamera zile nguo nzuri zinazochaguliwa kwanza robota linapofunguliwa, na fagia yale mabaki yanayouzwa mwisho kwa bei ya chini. Mtafutaji wa stimpanki aanzie kwenye fagia, kwa sababu humo ndimo kinamoangukia kizibao cha sufu kilichopitwa na wakati, sketi ndefu yenye marinda na mkoba wa ngozi uliokatika mkanda.

Kabla ya kununua chochote, hata hivyo, amua mtu wako anafanya kazi gani. Naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko mengine yote, na vazi lililokosa jibu lake hubaki rundo la vitu vizee. Chukua mfano wa meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande na kusafirishwa hadi Kigoma, ambako iliunganishwa upya. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa nguvu ya mvuke, hadi ilipowekewa injini za dizeli katika miaka ya 1970. Sasa mfikirie fundi mitambo wa meli hiyo katika dunia ambamo dizeli haikufika kamwe. Atahitaji miwani ya kukinga macho dhidi ya mvuke, glavu za ngozi zinazofika kwenye kiwiko, mkanda wa kuning'inizia spana, na saa ya mfukoni ya kupimia zamu. Vazi limekwisha kujieleza.

Wako wanaochagua badala yake kuwa maafisa wa dola, wakavaa zile kofia ngumu za wakoloni. Kwangu mimi kofia hiyo haivaliki. Reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, ilitumia vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India, na takriban 2,500 kati yao walikufa. Enzi ya mvuke huku kwetu ni ya watu wa koleo na nyundo, na hao ndio ningependa tuwavishe shaba.

Kwa upande wa nguo, rangi zinazotawala ni kahawia, nyeusi, maziwa na kijani kilichokolea. Shati jeupe la mtumba huwa linang'aa mno, na dawa yake iko jikoni: chemsha chai ya rangi nzito, epua, loweka shati kwa saa moja au zaidi ukiligeuzageuza, kisha lisuuze na kulianika. Pamba hushika rangi hiyo vizuri, ilhali poliesta huikataa. Ili kujua kama shati ni la pamba, chomoa uzi mmoja kutoka kwenye pindo na uuchome. Uzi wa pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini. Wa poliesta huyeyuka na kuacha kijitonge kigumu cheusi.

Miwani ndiyo inayotambulisha vazi hili kutoka mbali, na ya fundi wa kuchomelea vyuma inafaa sana, ila vioo vyake vyeusi vibadilishwe kwa vyeupe ili uone njia. Kama fremu ni ya plastiki, ipige msasa kwanza ili rangi ishike, kisha ipake rangi ya shaba. Ikikauka itaonekana kama kitu cha kuchezea, na hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza: paka rangi nyeusi iliyozimuliwa juu yake, na kabla haijakauka ifute kwa kitambaa. Nyeusi hubaki kwenye mifereji na pembeni mwa skrubu, shaba hubaki pale ambapo vidole vingeigusa kila siku, na ghafla miwani ina umri wa miaka 50. Mkanda wake ukate kutoka kwenye ule mkoba wa ngozi, na fundi viatu wa mtaani atakupigia ribiti kwa dakika chache.

Kuhusu gia, nina neno. Gia iliyogandishwa kwa gundi juu ya kofia, isiyogusana na gia nyingine, haizungushi kitu, na macho ya mtazamaji huliona hilo mara moja. Bora gia mbili zilizoumana meno kando ya kishikizo cha kuzungushia kuliko 20 zilizotapakaa. Gia hizo hupatikana ndani ya saa za ukutani zilizokufa, lakini usifungue saa nzee ambayo mishale yake ilitengenezwa ing'ae gizani, kwa kuwa baadhi ya hizo zilipakwa radiamu, na vumbi lake ni hatari likivutwa kwa pumzi.

Vyote vikishakamilika, livae vazi ndani ya nyumba kwa saa nzima: kaa, inama, panda ngazi, nyosha mkono uchukue kitu kilicho juu. Kinachokwama au kuchoma kihamishe mahali pengine, kwa maana huyo fundi wa meli asingeweza kushuka kwenye chumba cha injini akiwa nacho hapo.