Sukari ya kwenye protini si sukari ya chai

Hapa Moshi tunapakana na mashamba ya miwa ya TPC, na neno sukari likitajwa hospitalini watu huwaza chai au kisukari. Mama akiambiwa mwanawe ana hitilafu ya glikosilesheni, yaani sukari hazipachikwi sawasawa kwenye protini, jirani humwuliza: "Dada, si ulikuwa unakunywa soda sana ulipokuwa mjamzito?"

Soda haihusiki. Hii ni kazi ya ndani ya seli: vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za seli, huunga sukari moja baada ya nyingine, kisha huzipachika kwenye protini. Katika njia mojawapo kuu, mnyororo wa mwanzo huwa na sukari 14, na 9 kati ya hizo ni za aina iitwayo manosi. Protini nyingi zinazowezesha seli za neva kutambuana na kupeana taarifa huhitaji minyororo hiyo. Ikikosewa, mtoto anaweza kuwa na misuli legevu, makengeza au degedege, na sehemu ya nyuma ya ubongo inayosawazisha mwendo ikasinyaa. Hata kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu cha wenye kisukari ni habari nyingine: huko glukosi, sukari ya kwenye damu, hujishikiza yenyewe kwenye himoglobini, protini ya chembe nyekundu za damu, bila kimeng'enya.

Wapo wanaodhani jeni imeandika mpangilio wa sukari hizo moja kwa moja. Jeni hutoa maelekezo ya vimeng'enya, nayo seli huamua vitengenezwe lini na kwa wingi gani. Jeni ya ST8SIA2, kwa mfano, yenye maelekezo ya kimeng'enya kimojawapo cha kuunga sukari, hufanya kazi sana ubongo unapokua, kisha hupungua.

"Ni mkosi wa ukoo wa mama." Maneno haya yanaumiza, tena ni uongo. Katika hitilafu ya jeni ya PMM2, inayojulikana zaidi katika kundi hili, kwa kawaida mtoto hurithi nakala mbovu kwa baba na kwa mama, na wote wawili ni wazima. Kila mimba yao ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mwenye hitilafu hiyo.

Si kweli pia kwamba magonjwa haya yote hayana tiba. Hitilafu ya jeni ya MPI, inayoathiri zaidi ini na matumbo, hutibiwa kwa manosi ya kunywa. Ya PMM2 haiponi kwa manosi.

Kama mtoto ameandikiwa mtindio wa ubongo na chanzo hakijulikani, mwulizeni daktari kuhusu kipimo cha transferini, protini ya damu inayopachikwa sukari hizo, kisha cha jeni. Transferini ikitoka sawa, bado kuna aina ambazo kipimo hicho hakizioni.