Ikhlasi ya Mfanyakazi Haimpi Meneja Ruhusa ya Kunyamaza

Wiki iliyopita, katika semina ya mameneja wa matawi, nilisomewa tena aya ya tisa ya Suratul Insan. Nilikuwa ndiyo kwanza nimefika kwenye mada ya shukrani kwa wafanyakazi, meneja mmoja, mtu mwema na mchapakazi, akasimama na kusema kwamba katika benki ya Kiislamu jambo hilo halihitaji mjadala mrefu: mfanyakazi wetu kazi yake ni ibada, ujira wake uko kwa Mwenyezi Mungu, na Qur'ani imekwisha kutusifia waja wanaosema "hatutaki kwenu malipo wala shukrani." Nusu ya ukumbi ikatikisa kichwa kwa kukubali. Nimeshughulikia masuala ya rasilimali watu katika benki zisizo na riba kwa zaidi ya miaka kumi, na hoja hii nimeijibu kwa mdomo mara nyingi mno. Leo naiandika, ili anayetaka kuirudia aisome kwanza.

Tuanze na aya yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayotumiwa vibaya. Aya ya nane inawataja watu wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa, ilhali chakula hicho wenyewe wanakipenda. Aya ya tisa ni kauli ya hao walishaji kuhusu nyoyo zao wenyewe. Mtoaji ndiye anayejizuia asitazamie asante, na hakuna mahali ambapo mlaji ameambiwa afute mdomo aende zake. Sasa tujiulize, katika tawi la benki, meneja amekaa upande gani wa sinia? Jasho la keshia aliyesimama dirishani tangu saa mbili asubuhi, usiku wa afisa aliyefunga vitabu vya mwisho wa mwaka, subira ya mhudumu aliyetukanwa na mteja na bado akamwitikia salamu, vyote hivyo meneja amevipokea na amevila. Aliyekula hawezi kusimama akasoma maneno ya aliyelisha. Ikhlasi, yaani kuitakasa nia kwa ajili ya Mwenyezi Mungu peke yake, ni hesabu baina ya mfanyakazi na Mola wake. Mwajiri hana sehemu katika hesabu hiyo, wala haimpunguzii deni lake yeye.

Kwa upande wa mpokeaji kuna maneno mengine, nayo hayana mlango wa kutokea: "Asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu," hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Abu Huraira. Sitakaa sana hapa, kwa sababu mameneja wote wanaijua na wengi wameibandika ukutani. Tatizo langu kubwa liko kwa wale wanaodai kwamba tayari wanaitekeleza, na ushahidi wao ni neno moja tu: jazakallahu khairan, yaani Mwenyezi Mungu akulipe kheri.

Nitaeleza kisa kimoja kwa urefu. Afisa wa nyaraka katika benki niliyowahi kuitumikia, mwanamke kijana, aliletewa faili la murabaha ya mabati kwa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi. Kila aliyefanya kazi kwetu anajua utaratibu: benki inunue mabati, iyamiliki na kuyapokea, kisha ndipo imuuzie mteja kwa bei ya gharama pamoja na faida iliyotajwa. Hati ya kupokea mzigo ilikuwa na tarehe ya Alhamisi, na mkataba wa kumuuzia mteja ulikwisha kutiwa saini Jumatano. Kwa maneno mengine, benki ilikuwa imeuza mabati ambayo bado si yake, na faida yote ya muamala ule ingepelekwa kwenye sadaka siku mkaguzi wa sharia angelifungua faili. Karatasi zilikwisha kupita mikononi mwa watu watatu. Yeye ndiye aliyezilinganisha tarehe. Alisimamisha faili, Ijumaa asubuhi akaenda ghalani, akahesabu mabati fungu kwa fungu na kuyapiga picha, akasimamia mkataba mpya uliotiwa saini baada ya swala, kisha akaandika ripoti ya ukurasa mmoja na nusu na kuituma kwa mkuu wake. Jibu lilikuja baada ya dakika mbili: "Jazakallahu khairan, ndugu."

Jazaka-. Msomaji anayejua Kiarabu kidogo tu ameshaliona. Kwa mwanamke tunasema jazaki, kwa wengi jazakum. Mkuu yule alikisoma Kiarabu tangu chuoni na asingelikosea kama angelitazama jina lililo chini ya barua. Hakulitazama. Alikuwa na neno lililokwisha kuandaliwa kwenye simu, akalituma kama mtu anavyofunga mlango kwa mguu huku mikono imebeba vitu. Wiki hiyo hiyo, kikosi cha masoko kilichomleta mweka amana mkubwa kilikatiwa keki, kikapigwa picha kwa ajili ya jarida la ndani, na kila mmoja akapewa barua ya pongezi. Mwisho wa mwaka, kamati ya tathmini ilipofungua majalada, barua za pongezi zilikuwamo na zilihesabiwa. Dua haikuwamo, kwa kuwa dua haina mahali pa kuingizwa kwenye jalada. Afisa yule aliondoka miezi michache baadaye, na katika mazungumzo ya kuagana hakulalamikia mshahara hata kidogo. Alichotaka ni mtu mmoja aseme kile hasa alichokifanya.

Hapa ndipo ninapokosa subira. Hadithi ya Ibn Umar aliyoipokea Abu Daud inapanga mambo kwa utaratibu ulio wazi: anayekufanyieni wema mlipeni, na msipopata cha kumlipa, muombeeni dua mpaka muone kwamba mmemlipa. Dua imewekwa daraja la pili, kwa ajili ya asiye na kitu. Benki yenye bajeti ya mafunzo, yenye barua rasmi zenye nembo, yenye uwezo wa kumpandisha mtu cheo au kumpa siku mbili za mapumziko, haiwezi kujiweka kwenye daraja la fukara. Naipenda dua, na ninaiomba mimi mwenyewe kwa ajili ya wenzangu; ninachokikataa ni kuigeuza kuwa njia rahisi ya kukwepa kilicho ghali zaidi.

Nakiri kwamba hoja yangu ina mahali pawili panaponisumbua, na sitapaficha. Kwanza, Tirmidhi amepokea kutoka kwa Usama bin Zaid kwamba anayetendewa wema akamwambia aliyemtendea jazakallahu khairan amefikia ukomo wa kusifu. Mjumbe mmoja wa bodi ya sharia, jopo la wanazuoni linalosimamia uhalali wa miamala ya benki, aliwahi kuniwekea hadithi hii mbele yangu na kuniuliza ninataka nini zaidi. Jibu langu ni kwamba hadithi hii inazungumzia kusifu, na ile ya Ibn Umar inazungumzia kulipa, nayo ni mambo mawili. Aliitikia kwa adabu lakini hakuridhika, na mimi si mwanachuoni wa kumshinda. Pili, na hili ni zito zaidi: mfanyakazi wetu tumemwajiri kwa mkataba wa ijara, yaani wa kukodi huduma kwa ujira, muda wake tumeununua, na mshahara ndio badala yake. Je, kufanya kile ulicholipwa kukifanya ni "wema" unaohitaji shukrani nyingine? Kuna siku naona jibu ni hapana, kwamba haki ya kwanza ni ujira kutolewa kabla jasho halijakauka na kwamba benki inayochelewesha malipo ya saa za ziada haina haja ya kukata keki. Lakini nikimkumbuka afisa wa mabati narudi nyuma. Mkataba wake ulimtaka apange nyaraka. Haukumtaka aende ghalani Ijumaa asubuhi kuhesabu. Mpaka kati ya wajibu na hisani upo, nami nakubali kwamba mara nyingine siuoni vizuri.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna msaada ambao hatuutumii. Neno letu asante limetoka kwenye Kiarabu ahsanta, maana yake "umefanya vyema", na lina mzizi mmoja na ihsani, kutenda wema. Kwa asili yake, basi, neno hili ni ushahidi kuhusu kazi: nimekitazama ulichokifanya, nimekiona, ni chema. Ukimwambia mtu asante bila kujua alichokifanya, umetoa ushahidi wa jambo usilolishuhudia. Wazee wetu walisema mcheza kwao hutunzwa, na anayejua ngoma za pwani anajua kwamba mtunzaji huinuka kitini, akaenda hadi alipo mchezaji, akampa tuzo mkononi mbele ya watu. Hakuna anayetunza akiwa amegeukia upande mwingine.

Watanijibu kwamba kusifu kumekatazwa. Ni kweli kwamba katika Sahihi Muslim kuna amri ya kuwatupia mchanga usoni wenye kusifusifu, na kwamba Mtume (S.A.W.) alimwambia aliyemsifu mwenzake, "umeikata shingo ya mwenzako." Lakini hadithi hiyo ya pili inaendelea kufundisha namna ya kusema: anayelazimika kumsifu mwenzake aseme "namdhania hivi na hivi, na Mwenyezi Mungu ndiye wa kumhesabu." Na Mtume yuyo huyo alimwambia Ashaj wa kabila la Abdul Qais, ana kwa ana, kwamba anazo sifa mbili anazozipenda Mwenyezi Mungu, upole na utulivu. Sifa mbili, zimetajwa kwa majina. Alipoulizwa kuhusu mtu anayefanya kheri kisha watu wakamsifu kwayo, alijibu, kama alivyopokea Muslim kutoka kwa Abu Dharr, kwamba hiyo ni bishara ya mapema ya muumini. Kilichokatazwa ni sifa za kupindukia na za kujipendekeza, ambazo kwa kweli katika benki zetu hupanda juu kuelekea kwa wakurugenzi kila siku bila mtu kukumbuka mchanga. Sifa ya kweli iliyopimwa, inayoshuka kutoka kwa mkuu kwenda kwa karani, ndiyo inayowatia watu wasiwasi wa riya, kufanya kheri ili kuonwa na watu.

Wasiwasi huo siupuuzi. Benki zetu ni changa. Gulf African ilianza kazi mjini Nairobi mwaka 2008 na Amana mjini Dar es Salaam mwaka 2011, na wengi wetu tulitoka benki za kawaida tukaja na desturi zake, ikiwamo fremu ya "mfanyakazi bora wa mwezi". Nimeiona fremu hiyo ikiliharibu tawi zima: makeshia wakawa wanagombania wateja wepesi ili miamala yao iwe mingi, na wastaafu waliohitaji kusaidiwa kujaza fomu wakaachwa wakizunguka ukumbini. Nimeiondoa kila mahali nilipopata mamlaka ya kuiondoa. Vilevile, mzee mmoja wa idara ya ukaguzi aliwahi kuniomba kwa unyenyekevu nisimtaje mbele za watu, kwa kuwa aliichelea nafsi yake. Tangu siku hiyo mimi huuliza kwanza: nikutaje kwenye kikao, au nikuandikie barua wewe na jalada lako tu? Watu wengi zaidi kuliko nilivyotarajia huchagua barua.

Machache ya haraka, kwa kuwa huulizwa kila semina. Kwa mwenzetu asiye Muislamu, nao ni wengi katika matawi yetu, sema asante na utaje alichokifanya. Usimfanye ahisi kwamba shukrani za nyumba hii zina lugha asiyoimiliki. Faini za wateja waliochelewa kulipa na mapato yaliyoingia kwa njia isiyo halali ni vya sadaka, chini ya usimamizi wa bodi ya sharia. Havinunui futari ya wafanyakazi wala fulana za sherehe, hata kama akaunti ina fedha za kutosha na bajeti ya tawi imekwisha. Zawadi za wateja kwa maafisa wa mikopo zirudishwe, na anayebisha asome kisa cha Ibnul Lutbiyya, mkusanya zaka aliyesema "hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa," akaulizwa kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi hiyo ingemfuata. Kwa sababu hiyo hiyo, mfanyakazi wetu ambaye amefungiwa mlango wa bahashishi za nje ana haki zaidi ya kusikia neno jema la ndani.

Baada ya semina, meneja yule wa Suratul Insan alinifuata kwenye chai. Hakubishana. Aliniuliza angeandika nini, kwa mfano, kwa mlinzi wa tawi lake ambaye mwezi uliopita alimzuia mama mmoja mlangoni baada ya kumsikia akimtajia mtu namba ya siri kwenye simu, akampeleka kwa mhudumu wa wateja kabla fedha hazijatoka. Nilimuuliza kama alikwisha kumwambia lolote. Alisema alimuombea dua. Tukakaa kwenye kona ya meza, akaandika mwenyewe, mimi nikimsomea tahajia ya jina tu: siku gani, saa ngapi, mlinzi alisikia nini, alifanya nini, mama yule aliokoa kiasi gani, na kwamba meneja ameiomba kampuni ya ulinzi iliyomwajiri iliweke jambo hili kwenye rekodi yake. Mwishoni akaongeza jazakallahu khairan, kwa kiwakilishi cha jinsia inayostahili, akaituma kabla vikombe havijaondolewa, nakala kwangu.