Utii wa hiari: kumtii Mungu bila kusukumwa

Utii wa hiari ni kufanya analotaka Mungu kwa sababu unamwamini, si kwa kuogopa yatakayokupata usipofanya. Ugumu uko katika kuutambua, maana kwa nje hautofautiani na utii wa kulazimika. Watu wawili wameamka alfajiri, wamevaa vizuri, wamekaa benchi moja kanisani. Mmoja amekuja, mwingine ameletwa.

Farao alitii. Baada ya mapigo kumi aliwaambia Waisraeli waondoke usiku ule ule. Presha ilipopungua akatandika gari lake akawafuata hadi baharini. Hakuwa amekubali, alikuwa amezidiwa. Yona anatugusa zaidi kwa sababu yeye alikuwa nabii. Alifika Ninawi, akahubiri, mji mzima ukatubu, kisha akakasirika. Miguu ilikuwa Ninawi, moyo bado uko kwenye ile meli ya Tarshishi aliyoipanda mwanzoni kumkimbia Mungu.

Kwa hapa Moshi, mahali pazuri pa kuiona tofauti hii ni mnada. Katika sharika nyingi za Kilutheri mkoani, ibada ikiisha washarika hawatawanyiki. Wanasimama nje, mzee wa kanisa anainua mkungu wa mshare (ndizi za kupika), trei ya mayai au jogoo aliyefungwa miguu, bei inaanza kupanda. Kuna anayenunua kwa furaha, tena akishalipa anaurudisha ule mkungu unadiwe upya. Na kuna anayepandisha dau kwa vile bosi wake amesimama pembeni, au kwa vile ametajwa jina mbele za watu na kukaa kimya ni aibu. Pesa zao zinaingia kapu moja na zinaezeka paa lile lile. Mhasibu hana safu ya kuandika nani alitoa kwa hiari.

Paulo aliliona hilo alipochangisha kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu. Aliwaandikia Wakorintho kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni mwake, “si kwa huzuni, wala si kwa lazima, maana Mungu humpenda yeye atoaye kwa moyo wa ukunjufu.” Hata hivyo, yeye mwenyewe alijua kuchochea: sura moja kabla amewasifia Wamakedonia ili Wakorintho wasikie, kisha akaongeza kwamba hawaamuru. Kwa hiyo kuhimiza si kosa. Kusoma majina ya wasiomaliza ahadi mbele ya usharika, kwa maoni yangu, kumeshavuka mpaka. Bahasha zitajaa, lakini Yona ataongezeka.

Hiari inasimama juu ya imani. Huwezi kumtii kwa moyo usiyedhani anakutakia mema. Utamkwepa tu, au utapatana naye bei. Na kupatana bei kumezidi siku hizi: natoa hiki, Mungu anirudishie mara mia. Shadraka, Meshaki na Abednego walimwambia mfalme Nebukadreza kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru, kisha wakasema, “bali kama si hivyo,” bado hawataiabudu sanamu. Maneno hayo machache ndiyo imani yenyewe. Hawakujua mwisho wa habari, walimjua wanayemtumikia.

Waislamu nao wanalijua jambo hili. Qurani inasema hakuna kulazimishana katika dini (2:256), na inawataja wanafiki wanaoinuka kuswali kwa uvivu ili waonekane na watu (4:142). Ndiyo maana nia huja kabla ya tendo.

Wengi hukosea kudhani kwamba hiari ni kujisikia vizuri, yaani kama sina hamu ya kusali leo basi nisisali, nisije nikawa mnafiki. Bwana Yesu kule Gethsemane aliomba kikombe cha mateso kimwepuke, akarudia maombi hayo hadi mara tatu, na nafsi yake ilikuwa na huzuni nyingi. Hakuna aliyemlazimisha. Mtu anaweza kutii huku analia na bado akawa ametii kwa hiari, kwa kuwa angeweza kuondoka na hakuondoka.

Je, watoto? Kijana wa kipaimara anayetembea kwenda mafundisho kwa sababu baba amesema, anatii kwa lazima, na sioni ubaya. Paulo aliiita torati kiongozi wa kutuleta kwa Kristo, na kiongozi wa mtoto humshika mkono njiani. Mzazi anaweza kumfikisha hadi mlangoni, akamlipia na suti. Lakini siku ile madhabahuni mchungaji anamuuliza kijana, hamuulizi baba yake, na hata akijibu kwa sauti ya chini huku anawaza pilau linalomsubiri nyumbani, jibu ni lake.