Ramani ya kijani na ramani nyekundu si kitu kimoja

Kila jua likianza kuchoma hapa Mbeya, picha ileile hurudi kwenye magrupu: ramani mbili za hali ya hewa, ya "zamani" ya kijani, ya "sasa" nyekundu kama pilipili. Maneno yake ni kwamba joto ni lilelile, ila magazeti yamebadili rangi ili kututia hofu.

Sivyo. Ramani za kwanza magazetini hazikuwa na rangi kabisa. Ile iliyotoka kwenye gazeti moja la London tarehe 1 Aprili 1875 ilikuwa ya mistari myeusi, tena ilionyesha hali ya jana yake, wala si utabiri. Mwaka 1982 gazeti moja la Marekani lilianza kuchapa ramani kubwa ya rangi, na humo wekundu tayari ulimaanisha joto.

Kinachochanganya ni hiki: ile ya kijani mara nyingi ni ramani ya nchi tu, imebandikwa vijua na vijiwingu. Nyekundu imepakwa kufuata nyuzijoto. Ipo na ya tatu, inayoonyesha joto limepishana kiasi gani na wastani wa kawaida wa mahali hapo. Hiyo yaweza kuipaka Kitulo, kule juu kwenye baridi kali, nyekundu mwezi Julai kwa kuwa tu baridi imepungua kidogo kuliko kawaida, nawe umejifunika mablanketi mawili (na bado meno yanagongana).

Tazama kisanduku cha pembeni kinachoeleza maana ya kila rangi, kisha tarehe. Kama kisanduku kimekatwa, usiisambaze picha hiyo. Mwombe aliyeituma ramani nzima.