Je, Wajua? Ukibadilisha Mito ya Hedifoni Umebadilisha na Sauti Yake

Hedifoni nyingi huanza kuzeeka kwenye mito. Spika bado nzima, waya haujakatika, lakini ile ngozi nyeusi inayozunguka sikio imeanza kubabuka, na kila ukiivua unakuta vipande vimeganda shavuni na kwenye kola. Unatafuta mito mingine Kariakoo, Luthuli au mtandaoni, unaivalisha, unafungua wimbo unaoujua kila pembe yake, na wimbo umekuwa mwingine. Besi imepungua, au imefura. Mwimbaji aliyekuwa mbele sasa yuko nyuma ya vyombo.

Wa kwanza kulaumiwa huwa muuzaji: mito feki hii! Huenda ni kweli. Lakini hata mito mizuri, ya bei kubwa kuliko hiyo, inaweza kukufanyia vivyo hivyo, kwa sababu mto haukuwekwa pale kulinda sikio tu. Ni sehemu ya spika.

Chukua Sony MDR-7506, hedifoni iliyoingia sokoni mwaka 1991 na ambayo mpaka leo utaikuta kwenye studio za redio na za kurekodi muziki. Spika yake ina kipenyo cha milimita 40. Ukiing'oa na kuiweka mezani ikiwa inalia, utasikia kitu chembamba kama spika ya simu, besi hakuna. Ndani ya hedifoni spika hiyohiyo inatoa besi ya kutosha kumfanya mpiga gitaa la besi atambue kila noti. Imeipata wapi?

Jibu liko kwenye hewa kidogo iliyofungiwa kati ya spika, mto na sikio. Sauti ya hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, ambayo ni besi ya chini hasa, ina wimbi lenye urefu wa karibu mita 7. Wimbi la ukubwa huo haliwezi kujinyoosha ndani ya nafasi ya sentimita chache. Kinachotokea humo ni presha ya hewa kupanda na kushuka, yote kwa pamoja, na ngoma ya sikio kusukumwa na kuvutwa nayo. Hewa ikiwa imefungiwa vizuri, msukumo mdogo wa spika ndogo unatosha. Ukiacha mwanya, unakuwa kama mtu anayejaza upepo kwa pampu ya baiskeli ambayo haijakamata kwenye valvu: mkono unafanya kazi, tairi halijai. Presha ya besi hupanda polepole, kwa hiyo hewa inapata muda wa kutoroka. Mitetemo ya haraka, ile ya sauti za juu, haiipi hewa nafasi hiyo. Ndiyo maana mto usioziba vizuri huanza kula besi, huku matoazi yakibaki yanalia kama kawaida.

Unaweza kulipima hili sasa hivi. Vaa hedifoni ya aina iliyofungwa nyuma, yaani ile ambayo mgongo wa kikombe chake umezibwa na si wavu, weka wimbo wenye besi, kisha kandamiza vikombe vyote viwili kwa viganja, taratibu. Besi ikiongezeka sana, kuna mahali hewa inavuja. Mara nyingi ni miwani, kwa kuwa mkono wa miwani huinua mto na kuacha upenyo nyuma yake. Rasta na nywele nene hufanya hivyohivyo. Anayevaa hedifoni juu ya mtandio ameweka tabaka la kitambaa kati ya mto na kichwa, na besi anayoisikia si ile aliyoisikia fundi wa kiwandani. Kwa watu hawa mto mnene na laini, unaoweza kuuzunguka mkono wa miwani badala ya kuubeba, una faida kubwa kuliko kununua hedifoni nyingine.

Sasa malighafi ya mito yenyewe. Mito mingi ya kawaida imevishwa ngozi bandia, yaani poliurethani iliyopakwa juu ya kitambaa. Inaziba vizuri, na kwa sababu hiyohiyo inachoma masikio: hewa haitoki, jasho nalo halina pa kwenda. Mahameli hupumua, sikio linabaki na nafuu, lakini hewa inayopita kwenye kitambaa ni hewa ileile iliyokuwa ikibeba besi. Ukitoa mto wa ngozi kwenye hedifoni iliyofungwa nyuma na kuweka wa mahameli, tegemea besi kupungua. Ipo pia mito ya mchanganyiko, upande unaogusa shavu ni kitambaa na ukuta wa nje ni ngozi, na kwa maoni yangu ndiyo suluhu ya maana zaidi kwa joto la pwani, ingawa haitengenezwi kwa kila hedifoni.

Hata hivyo usikariri kwamba mahameli maana yake besi hafifu. Beyerdynamic DT 770 PRO imefungwa nyuma na toleo lake linalojulikana zaidi huja na mito ya mahameli, na hakuna anayelalamika kwamba haina besi. Wahandisi walikitengeneza kikombe wakijua mto gani utakaa juu yake. Hedifoni zilizo wazi nyuma, kama Sennheiser HD 600 ya mwaka 1997, zimezoea hewa kupita tangu zilipochorwa. Sennheiser HD 414 ya mwaka 1968, iliyofungua njia kwa hedifoni za aina hiyo, ilikuwa na sponji tupu tu, bila ngozi wala kitambaa, na spika ililia kupitia sponji yenyewe. Tatizo huanza pale mto wa hedifoni moja unapohamishiwa kwenye nyingine.

Na watu huhamisha sana. Wenye Sony MDR-7506 na kaka yake MDR-V6 ya mwaka 1985 kwa miaka mingi wamekuwa wakiweka mito ya mahameli ya Beyerdynamic DT 250. Mito ya Sony ni myembamba, sikio la wengi hugusa sehemu ya spika, na baada ya saa moja panauma. Mito ya DT 250 ni minene zaidi na inashika vizuri tu. Ni mabadiliko mazuri kwa anayehariri vipindi mchana kutwa. Ila fundi mitambo anayepima besi ya wimbo kwa hedifoni hiyo asiendelee kufanya uamuzi kwa mazoea ya zamani.

Unene wenyewe unagusa sauti za juu, na hapa hesabu inageuka. Sauti ya hezi 10,000 ina wimbi la sentimita 3.4 hivi, karibu sawa na nafasi iliyomo ndani ya mto. Kwa hiyo kulisogeza sikio nusu sentimita mbali na spika, au kubadili pembe linapotazamana nayo, kunahamisha mahali sauti zinapogongana na kurudi. Ukuta wa ndani wa mto nao una neno lake: ngozi laini inarudisha sauti, kitambaa au ngozi yenye vitundu inameza sehemu yake. Mito minene mara nyingi hufanya muziki usikike kama umepata nafasi, na ndiyo sababu watu huipenda siku ya kwanza. Baadhi ya hedifoni pia zina vitundu vidogo vya kupitisha hewa pembeni mwa spika, chini ya ukingo wa mto, na mto mgeni wenye upindo mpana ukivifunika basi besi inabadilika bila mtu kujua kwa nini.

Kuna jambo linalowachanganya wengi kuliko yote haya. Sponji huzama kidogo kidogo. Miaka inapita, sikio linasogea karibu na spika, sauti inabadilika polepole kiasi kwamba mwenyewe haoni. Akiweka mito mipya ya kiwandani kabisa, anasikia kitu kigeni na kukiita kibovu, kumbe ndiyo sauti aliyoinunua mwanzoni. Sponji mpya pia huwa ngumu kidogo na haijakaa na umbo la kichwa. Mito mipya ipewe siku kadhaa kabla ya kuhukumiwa.

Kuhusu starehe, unene una gharama yake. Mto mnene unapanua upinde wa kichwani, na upinde uliopanuliwa unabana zaidi, kwa hiyo taya huchoka hata kama masikio yanafurahi. Sponji inayolegea kwa joto la mwili, ya ukoo ule uliotokana na kazi ya viti vya ndege iliyofanywa kwa NASA mwaka 1966, inasaidia kwa kuwa inagawa mkandamizo sehemu kubwa ya ngozi badala ya nukta chache.

Ile ngozi inayobabuka nayo haibabuki kwa sababu ya uzembe wako. Unyevu huvunja minyororo ya poliurethani, na joto huharakisha kazi hiyo. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, hedifoni iliyokaa kwenye boksi bila kuvaliwa inaweza kubabuka vilevile. Jasho na mafuta ya nywele huongeza kasi, na spiriti ya kusafishia mikono ni adui mwingine. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kisha kikavu, iache mahali penye hewa. Ngozi halisi ya kondoo huvumilia zaidi, kwa bei yake.

Hedifoni zinazofuta kelele ndizo nisizoshauri kuzichezea. Ndani ya kikombe kuna maikrofoni inayosikiliza kelele iliyoingia, na hesabu za kuifuta zimepangwa kwa nafasi ya hewa inayojulikana. Mto unaovuja unaharibu hesabu hizo: kelele za injini zinapenya, na wakati mwingine inatokea miluzi. Kwa hizo tafuta mito iliyotengenezwa kwa modeli hiyohiyo, si "inayofanana".

Kwa nyingine, kabla hujalipa, pima kwa milimita upana wa nje, tundu la ndani na kina, angalia mto unashikaje (kwa upindo, kwa vishikizo au kwa gundi), na usitupe kile kitambaa chembamba au duara la sponji lililoko mbele ya spika ya zamani, maana mito mingi ya bei nafuu huja bila hilo. Ekualaiza ya kwenye simu, yaani kile kirekebishi cha besi na sauti za juu, inaweza kupunguza besi iliyofura au kutuliza sauti kali. Besi inayovujia kwenye miwani haitaiziba.